Kwa dada wa Morogoro aliyeuliza kama miaka 34 ni kuchelewa kuingia utafiti wa jeni za saratani

Habari za usiku wanajukwaa. Uzi wa huyu dada nimeusoma toka jana nikawa najizuia kujibu, maana mada hii nikiianza huwa simalizi mapema, ila nimeona wachangiaji wengi wanamwambia aachane nayo akafungue duka la dawa, nikaona hapana, hili lazima niliseme.

Kwa ambao hawajausoma uzi wenyewe, dada anasema ana miaka 34, ana diploma ya maabara na digrii aliyojilipia mwenyewe, anafanya kazi maabara ya hospitali ya wilaya, ana watoto wawili, na kwa miaka mingi anatamani kufanya utafiti wa jeni za saratani. Mwalimu wake mmoja kamwambia ile ni kazi ya walioondoka nchini na miaka 22, na kwamba bila mashine za kusoma DNA za mamilioni ya dola hapa nyumbani hakuna cha kugundua. Anauliza amechelewa au la, kazi yenyewe siku kwa siku ikoje, na mtu aliyebaki hapa anaweza kuona kitu gani ambacho wenzetu hawajakiona.

Mdogo wangu, mi kazi yangu ndo hiyo, hapa hapa Dar. Niliingia nikiwa na miaka 36, watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Sasa hivi nina 52 na kila wiki bado nakaa kwenye maikroskopu. Kwahiyo nakujibu kitu nilichokipitia.

Nianze na nilivyoingia maana jibu lako lote liko hapo. Miaka ya mwanzo ya 2000 nilikuwa maabara ya hospitali moja kubwa, upande wa hematolojia, kazi yangu ni FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, na kupaka slaidi za damu, asubuhi mpaka jioni. We umekaa benchi utanielewa, kuna sampuli unaijua kabla hata hujaiingiza kwenye mashine. Ukiiacha chupa ya kizibo cha zambarau imesimama kwenye raki masaa mawili matatu damu inajigawa, chini nyekundu, juu majimaji ya njano, katikati hapo kuna utando mweupe mwembamba kama uzi, zile ndo chembe nyeupe. Sasa kuna wagonjwa ambao utando ule unakuja mnene, kama malai juu ya maziwa yaliyolala, hadi unashtuka. Mtu wa kawaida ana chembe nyeupe 4,000 mpaka 11,000 hivi kwa kila maikrolita, hawa unakuta laki mbili, laki tatu. Mgonjwa mwenyewe kakonda, mashavu yameingia ndani, ila tumbo limejaa upande wa kushoto kwa sababu bandama limevimba mpaka limefika kitovuni, na huko alikotoka ameshatibiwa malaria mara tano na ameshapelekwa kwa waganga wawili.

Hiyo ndo saratani ya damu inayoitwa CML. Wakati ule dawa tulizokuwa nazo zilikuwa zinashusha hesabu ya chembe tu, tumbo linapungua, mtu anarudi kwenye shughuli zake, miaka michache baadae ugonjwa unageuka mkali na hapo anaondoka ndani ya miezi. Alafu mwaka 2001 Marekani wakaidhinisha kidonge kinaitwa imatinib, wengi mnakijua kwa jina la Glivec, na muda si mrefu ukaanzishwa mpango wa kuwapa bure wagonjwa wa nchi kama zetu. Ila ili uingie kwenye mpango lazima uoneshe uthibitisho kwamba damu yako ina kitu kinaitwa kromosomu ya Philadelphia. Na pale kwetu wakati huo hakuna aliyekuwa anaweza kuipima, sampuli ilikuwa inasafirishwa nje kwa ndege.

Kulikuwa na kijana mmoja, muuza samaki wa Feri, alikuwa anakuja kliniki na ndala zake zina magamba ya samaki, mpole, kila akija ananisalimia "dada wa damu". Nikamtoa damu, ikafungwa vizuri, ikapelekwa. Wiki tatu hakuna jibu. Tukaambiwa sampuli imefika imeganda, haifai, leteni nyingine. Nikamtoa tena. Majibu yalipokuja, na yalikuja yanasema ndiyo anayo, anastahili dawa, yeye alikuwa ameshalazwa wodini ugonjwa umegeuka, na hakutoka. Ile karatasi ya majibu niliishika mimi. Kidonge kilikuwepo, bure, kwenye kabati, jengo lile lile. Kilichokosekana ni mtu wa kuangalia kromosomu.

Siku ile nilirudi nyumbani na daladala nikapitiliza kituo. Nilikuwa najiuliza kitu kimoja tu, hii kuangalia kromosomu ni kazi gani hiyo ambayo mtu mzima mwenye macho mawili na maikroskopu hawezi kujifunza?

Nikaanza kusoma, kwenye intaneti kafe ya Kariakoo ya kulipia kwa saa, na nilichokikuta huko ndo kimenibeba mpaka leo.

Kwa kifupi kwa wasomaji wengine, karibu kila seli ya mwili ina kromosomu 46, ndo vifurushi ambavyo DNA yetu imefungwa ndani yake. Hata hiyo namba 46 haina muda mrefu, ilihesabiwa sawasawa pale Lund, Uswidi, na Joe Hin Tjio na Albert Levan, wakaitangaza mwaka 1956, kabla ya hapo vitabu vyote vilikuwa vinasema 48 na watu wazima na akili zao walikuwa wanaangalia na kuhesabu 48 kwa sababu kitabu kimesema. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wako mji wa Philadelphia, wakaona kwamba wagonjwa wa CML wana kromosomu moja ndogo kuliko kawaida, kijipande. Ndo ikapewa jina la mji. Wakadhani kuna kipande kimekatika na kupotea. Na hivyo ndo ilivyoaminika miaka zaidi ya kumi.

Aliyekuja kuona kipande kilikwenda wapi ni Janet Rowley wa Chicago, na habari za huyu mama nataka uzisome polepole. Kazaliwa 1925. Chuo kikuu kaingia na miaka 15, ana akili ya ajabu, lakini alipoomba udaktari akaambiwa nafasi za wanawake zimejaa, darasa la watu 65 wanawake ni 3 tu, asubiri. Akasubiri miezi tisa. Akamaliza 1948, kesho yake akaolewa, wakazaa watoto wanne, wote wa kiume. Miaka yote ile watoto wakiwa wadogo alikuwa anafanya kazi siku chache tu za wiki, kwenye kliniki ya watoto wenye ulemavu wa akili. Utafiti hana. Jina hana.

Mwaka 1961 mume wake, naye ni mwanasayansi, akapata mwaka wa kwenda Oxford, Uingereza, na yeye akaenda na familia. Ana miaka 36. Huko akajifunza kuangalia kromosomu. Waliporudi Chicago akaenda kwa bosi mmoja wa mambo ya damu anaitwa Leon Jacobson, akamwomba sehemu ya kukaa, maikroskopu, na mshahara wa kutosha kumlipa mtu wa kukaa na watoto. Akapewa. Siku tatu kwa wiki. Hiyo ndo ilikuwa "maabara yake", na nilipoisoma hiyo sentensi pale kafe nikahesabu vidole, na mimi mwaka huo ndo nilikuwa nakaribia 36.

Akakaa hivyo miaka karibu kumi, anaangalia, anapiga picha, hazioneshi kitu kikubwa, kwa sababu kromosomu zamani zilikuwa zinatoka rangi moja zote, unaona umbo tu. Mwaka 1970 akarudi tena Oxford mwaka mmoja na mume wake, na kipindi hicho hicho Waswidi walikuwa wametoka kugundua rangi ya quinacrine ambayo inafanya kila kromosomu itoke na mistari yake, mwanga na giza, mwanga na giza, kama kanga kila moja na pindo lake. Sasa unaweza kusema hii ni ya 8, hii ni ya 21. Akaishika hiyo mbinu akarudi nayo nyumbani.

Picha zile alikuwa anazipeleka nyumbani anazikata kwa mkasi, kromosomu moja moja, anazipanga kwenye meza ya kulia chakula. Watoto wake wanamwambia mama unacheza na vikaragosi vya karatasi. Na pale mezani, mwaka 1972, ana miaka 47, akaona kwa wagonjwa wa aina nyingine ya saratani ya damu kwamba kipande cha kromosomu ya 8 na kipande cha ya 21 vimebadilishana nafasi. Akaandika, jarida moja kubwa likakataa, ikachapwa kwenye jarida la Ufaransa. Muda huo huo akachukua picha za wagonjwa wa CML. Kweli ile ndogo, ya 22, imepungua. Lakini akaona kitu kingine, moja ya kromosomu za 9 ina mkia wa ziada, na mkia ule unalingana na kilichopungua kule. Kipande hakijapotea, kimehama. Na seli nzima za mgonjwa yule yule, zisizo za saratani, hazina hiyo kitu. Ikatoka kwenye Nature mwaka 1973.

Hapo usidhani watu walipiga makofi. Wengi waliamini kwamba kromosomu kuvurugika ni matokeo ya saratani, nyumba ikiungua lazima paa lianguke, sasa mtu anakuja kukuambia paa ndo limeanzisha moto. Akaendelea kupanga karatasi zake. Mwaka 1977 akapata ya tatu, ya 15 na 17, kwenye aina ya saratani ya damu ambayo zamani ilikuwa inaua kwa kutoka damu ndani ya siku chache, na leo ni kati ya zile zinazopona zaidi kuliko zote. Baadae miaka ya 80 wengine wakafungua lile eneo la 9 na 22, wakakuta jeni mbili, ABL na BCR, ambazo zilikuwa zinaishi mbali mbali zimeunganishwa, na muunganiko wake unatengeneza protini ambayo inaiamuru seli igawanyike muda wote, kama swichi ya taa iliyoganda ndani haitaki kuzimika. Ukishaijua swichi unaweza kuitafutia kitu cha kuiziba. Hicho ndo kidonge, Nicholas Lydon na wenzake kiwandani, Brian Druker hospitalini kule Oregon. Kutoka 1960 mpaka 2001, miaka 41, na katikati yake amekaa mama mwenye mkasi.

Amefariki Desemba 2013, ana 88, na uzeeni alikuwa bado anaendesha baiskeli kwenda maabara. Kwahiyo mwalimu wako aliyesema miaka 22, kwa heshima zote, kakosea.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana umeuliza siku kwa siku.

Nilipata nafasi ya masta nikiwa na hiyo 36, na baadae PhD ile ya kwenda na kurudi, unakaa Uswidi miezi kadhaa unarudi Dar unaendelea. Mume wangu alikubali kwa shida, mama mkwe ndo alinisaidia, alihamia kwangu kutoka Tanga akakaa na watoto, na Mungu amlaze pema, bila yeye hii kazi nisingeifanya, naandika haya nikijua kuna wengine wanasoma hawana mama mkwe wa namna hiyo. Hilo nakuambia mapema, panga mtu wa watoto kabla hujapanga ada. Rowley mwenyewe aliomba mshahara wa yaya kabla ya kitu kingine chochote na alikuwa sahihi.

Kazi ya kromosomu iko hivi. Unachukua uboho kutoka mfupa wa nyonga, au damu, kwenye chupa ya kizibo cha kijani kwa sababu zile za zambarau dawa yake inaharibu seli zisikue. Unazipa chakula, unaziweka inkubeta nyuzi 37 siku moja mpaka tatu. Alafu unaweka dawa ya kuzisimamisha katikati ya kugawanyika, maana kromosomu zinaonekana vizuri wakati huo tu. Unaweka maji yenye chumvi kidogo ili seli zinywe zivimbe, hapo ukizidisha dakika zinapasuka, ukipunguza hazifunguki. Unaosha kwa methanoli na asidi ya asetiki, tatu kwa moja. Alafu unadondosha tone kwenye slaidi.

Hilo tone, dada yangu, lilinichukua miezi minne. Nilikuwa nafuata karatasi ya maelekezo neno kwa neno, ile ile waliyonipa kule Uswidi, kule inatoka safi, kromosomu zimetawanyika kama maharage kwenye ungo, nikirudi Dar naifanya ile ile napata uchafu, ama zimerundikana bonge moja, ama zimesambaa hovyo hujui ipi ni ya seli gani. Nikabadilisha dawa, nikabadilisha slaidi, nikalia. Supavaiza kwenye simu ananiambia rudia. Siku moja umeme umekatika, kiyoyozi kimezima, asubuhi saa moja kabla jua halijakolea, nikadondosha tu ili sampuli isipotee bure. Zikatoka. Zimekaa vizuri kuliko siku zote.

Ndo nikaelewa. Tone linakauka kwa kasi inayotegemea unyevu wa hewa, na kromosomu zinafunguka wakati tone linakauka. Hewa kavu ya kiyoyozi inakausha upesi mno zinabaki zimefungwa, mchana wa Februari pale pwani unyevu umejaa hewani zinatawanyika mpaka seli inapotea. Zinapenda unyevu wa asilimia 50 hivi na joto kama nyuzi 25. Nikanunua kipimo cha unyevu cha ukutani, nikawa nazima kiyoyozi, naweka taulo lililolowa au naliondoa, na nadondosha asubuhi mapema. Kwenye maabara zenye chumba maalum cha kurekebisha hewa jambo hili hata hawalifikirii, sisi huku lazima uijue hewa ya kwako.

Baada ya hapo ni trypsin, kimeng'enya cha kuzilainisha ili mistari itokee, sekunde chache, rangi ya Giemsa, ile ile unayopakia slaidi za malaria, na unakaa kwenye maikroskopu na mafuta kwenye lenzi ya mia, unatafuta seli 20 zilizofunguka vizuri, unazisoma moja moja. Siku hizi kompyuta inakupangia lakini jicho ni la kwako. Mara ya kwanza nilipoiona ile 9 na 22 kwa mgonjwa wa kwetu, sampuli niliyoikuza mimi, ilikuwa saa mbili usiku, sikumwita mtu, nilikaa nayo. Nilimkumbuka yule kijana wa Feri na ndala zake.

Leo kwa CML peke yake mambo yamekuwa mepesi. Mashine ya GeneXpert ambayo kila mkoa unaijua kwa TB, ina katriji yake ya BCR-ABL, damu ya kawaida tu ya mkononi, na majibu unayapata siku ile ile yakiwa na asilimia. Anayetumia dawa tunataka ashuke mpaka 0.1 au chini. Na hapo ndo utafiti wangu ulipohamia, kwa nini wengine hawashuki, au wanashuka alafu wanapanda tena. Vitabu vinakuambia tafuta badiliko kwenye jeni yenyewe, kuna moja linaitwa T315I ambalo imatinib haiwezi kabisa kulishika, na kweli tunalitafuta. Ila nimekaa na wagonjwa wa kutosha kujua kwamba kabla hujaita PCR, kile kipimo cha jeni, muulize mtu anakaa wapi. Nina mama mmoja wa kusini, namba yake ilipanda mara tatu mfululizo, tukasoma jeni, safi, hakuna kitu. Nikakaa naye kwenye benchi la nje nikamuuliza taratibu, mama vidonge unameza? Akasema anameza, lakini mwezi ambao korosho hazijalipwa hana nauli ya kuja kuchukua, anavigawa nusu nusu vifike. Hilo huwezi kuliona kwenye DNA. Ukiwa mtafiti wa nchi nyingine umepokea chupa yenye namba utaandika kwamba amekuwa sugu.

Ubaya wa kazi niuseme pia. Dawa za maabara unaagiza zinachukua miezi, nyingine zinakaa bandarini au uwanja wa ndege kwenye joto zikifika zimeshakufa. Pesa za utafiti zinakuja kwa miaka mitatu mitatu, ukimaliza unaanza kuandika maombi upya, kuna mwaka mzima nilifanya kazi kwa mshahara wa hospitali tu na bando la kwangu. Na liko lililoniuma zaidi, sampuli tulizokusanya sisi, mimi na vijana wangu wawili, kwenye jua, wodi kwa wodi, zikaenda nje kwa makubaliano ya kushirikiana, makala ikatoka na sisi tumewekwa kwenye sehemu ya shukrani mwisho kabisa. Sisemi ni nani. Toka siku ile sitoi hata tone bila mkataba wenye majina ya waandishi, na we usije ukatoa hata kama umeambiwa ni haraka.

Swali lako la tatu ndo ninalolipenda. Unasema hapa hakuna mashine, utagundua nini? Mwaka 1957 pale Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kuangalia mtoto amevimba taya pande zote mbili. Baadae akamwona mwingine hospitali nyingine, akaanza kuchukua kumbukumbu, akaandika 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakachukua gari wakaendesha maili elfu kumi hivi kutoka Kampala kushuka mpaka kusini mwa Afrika wakiuliza hospitali kwa hospitali, mmewaona watoto wenye taya hili? Wakakuta ugonjwa unafuata joto na mvua, mule mule malaria inamokaa. Uvimbe ule ukapelekwa London na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona ndani yake kirusi, kirusi cha kwanza kabisa kuhusishwa na saratani ya binadamu. Na 1976 Lore Zech na wenzake, Waswidi wale wale wa rangi, wakaona kwenye seli zake kipande cha kromosomu ya 8 kimehamia kwenye ya 14, ndo baadae ikajulikana kimeibeba jeni ya MYC, inayoisukuma seli igawanyike, kuipeleka sehemu ambayo haizimiki. Elimu ya jeni za saratani ya dunia nzima ina mguu mmoja umekanyaga Kampala, na ulianza na mtu aliyeangalia taya la mtoto na kuuliza maswali njiani.

Na hayajaisha. Saratani ya umio inapiga ukanda wetu huu toka Ethiopia kushuka mpaka Malawi, kuna sehemu za Kenya inachukua hata vijana hawajafika 30, na bado hatujui sawasawa kwa nini. Kwenye matiti, Mary-Claire King alitumia zaidi ya miaka 15 mpaka mwaka 1990 kuonesha kwamba kuna jeni ya kurithi kwenye kromosomu ya 17, ile tunayoiita BRCA1, lakini hazina za taarifa za jeni duniani zimejaa watu wa asili ya Ulaya, kwahiyo mama wa Kiafrika anapimwa anaambiwa tumeona badiliko ila hatujui kama ni baya au la kawaida tu. Nani atajua kama siyo sisi tulio na familia hizo mlangoni?

Sasa vitendo. Usiache kazi. Hapo ulipo una kitu mimi nimekipoteza, unaona damu inapoingia kwa mara ya kwanza. Chukua daftari, siyo simu, daftari, kila ukikutana na chembe nyeupe zimepita laki moja andika umri, wilaya anayotoka, bandama, slaidi imeoneshaje, bila jina la mgonjwa, na mwambie daktari wako unafanya hivyo. Ukitaka kuja kuyatumia kwa utafiti utahitaji kibali cha maadili, kitafute mapema, kinachukua muda. Slaidi za ajabu omba zihifadhiwe zisioshwe. Uliza mashine ya GeneXpert ya mkoa kama inaweza kupata katriji za BCR-ABL. Kiingereza cha kuandika makala kifanyie kazi kila siku kidogo kidogo, hilo lilinichelewesha mimi kuliko biolojia. Masta angalia vyuo vyenye ushirikiano wa kwenda na kurudi, ili usihame na watoto wako mwaka mzima. Na ukiulizwa kwenye usaili kwa nini umekuja na umri huu, usijitetee, waoneshe daftari.

Ukipata nafasi ya kushuka Dar niandikie PM siku mbili kabla. Nina slaidi moja ya uboho nimeitenga, ya wiki iliyopita, sitakuambia ina nini. Nitakuwekea kwenye maikroskopu, nitatoka nje, utaisoma mwenyewe mpaka seli ya ishirini, ukimaliza utaniita uniambie umeona nini.